Acheni kulaumu kufuli la diski

Kila mara nasikia kilio kile kile cha watumiaji wa mashine pepe: "Kompyuta yangu, diski yangu, mbona mfumo endeshi unanikataza kuandika?" Mie nasema, na ukukataze!

Nilipokuwa mwaka wa nne chuoni nilitumia Linux kwenye laptopu yenye diski ndogo. Kwa uvivu wa kunakili, nikaipa mashine pepe patisheni yenyewe iliyokuwa na mradi wangu, hali kompyuta mwenyeji bado imeifungua. Hakuna kilichonizuia. Siku mbili shwari. Siku ya tatu nikawasha, fsck ikapita, na kazi ya miezi saba ikabaki vipande ndani ya lost+found, faili zenye nambari badala ya majina. Kosa langu, simsingizii mtu.

Mfumo endeshi hauandiki kila kitu diskini papo hapo. Huweka kwenye kumbukumbu picha yake ya wapi pana faili na wapi patupu. Mwenyeji ana picha yake, mgeni ana yake, na hawaambiani. Mmoja anaandika mahali anapodhani patupu, kumbe mwenziwe kashaweka kitu. Mafahali wawili zizi moja.

Windows ilifunga mlango huu tangu Vista, japo kwa sababu nyingine. Agosti 2006, kwenye Black Hat huko Las Vegas, Joanna Rutkowska alionyesha jinsi programu yenye haki za msimamizi inavyoweza kuandika moja kwa moja diskini, pale kerneli inapohifadhi kurasa zake za kumbukumbu, na kupenyeza msimbo usio na saini. Toleo la RC2 likazuia uandishi huo. Yeye hakuridhika: watengenezaji wa programu za kukarabati diski wataleta draiva zao zenye saini, na mshambuliaji ataziazima. Hoja nzito, siipingi. Ila yeye alizungumzia wezi. Mie nazungumzia mwenye nyumba anayejichomea nyumba.

Linux ilichelewa mno. Chaguo la kukataza kuandika kwenye diski iliyofunguliwa lilikuja na kerneli 6.8, Machi 2024, na hata hapo anayejenga kerneli ndiye anayeamua. Ukikuta imekatazwa, bdev_allow_write_mounted=1 wakati wa kuwasha itairuhusu. Usithubutu. Fanya umount kwanza. Kwenye Windows tumia mountvol na /p, au offline disk ndani ya diskpart kama si diski ya kuwashia. Dakika moja tu!

Nawaunga mkono walalamikaji kwa jambo moja: ujumbe. "Access denied" inamfanya mtu adhani ni suala la haki. Anaendesha tena kama msimamizi, anakataliwa, anaanza kutafuta namna ya kuvunja kufuli. "Diski hii inatumiwa na mwenyeji, ifunge kwanza" ingetosha kabisa. Hilo ndilo la kuwadai watengenezaji.

Mradi? Niliuandika upya kwa wiki tano, na nusu ya nilichokuwa nacho sikukikumbuka tena.