Hewa ni ya Wote, Lakini Mawimbi Yana Hesabu



Wako watu wanaosema hivi: «Inchi yetu ilipata uhuru mwaka 1960. Sasa kwa nini tunaulizwa barua ya ruhusa kwa kuweka mnara wa redio? Hewa ni ya Mungu, haina mwenyewe.» Maneno hayo yanapendeza masikio. Lakini nusu yake si kweli, na kwa sababu ya nusu hiyo mtu anarudi toka kazini, anafungua redio, anasikia wahubiri wawili na muziki mmoja wote katika namba moja.

Watu wa Marekani walijaribu njia hiyo mbele yetu. Mwaka 1926 hakimu mmoja alikata neno kwamba waziri wao hana nguvu ya kulazimisha kituo kukaa katika mawimbi yake. Basi kila mwenye kituo akahama alipotaka, akaongeza nguvu alivyotaka. Miezi michache tu, wasikilizaji wakawa hawasikii kitu ila mlio na mafarakano. Mwaka 1927 wakaandika sheria, na wenye vituo wenyewe walikuwa wameiomba.

Sheria hizo hazikutoka katika kichwa cha mkubwa fulani. Kituo cha FM kikisema katika megahezi 100, sauti yake haikai pale kama msumari katika ubao. Inayumba, mpaka kilohezi 75 upande huu na kilohezi 75 upande ule, na kando yake tena inabaki nafasi kidogo. Kwa hiyo kituo kimoja kinakula karibu kilohezi 200. Katika mji mmoja mafundi wanapenda kutenganisha vituo kwa kilohezi 400. FM yote inaanza megahezi 87.5 na inakwisha 108. Fanyeni hesabu ninyi wenyewe: katika mji mmoja nafasi ni hamsini hivi, si zaidi. Ni shamba lenye mipaka. Ndiyo maana mkutano wa Geneve wa mwaka 1984 uliandika mpango wa FM wa Ulaya na Afrika, inchi kwa inchi, mnara kwa mnara.

Lakini mwenye kituo anamwita fundi wake: «Ongeza sauti, wale jirani wanatushinda!» Fundi anageuza kifungo, sauti inayumba kupita 75, inaingia katika shamba la jirani. Jirani naye anageuza chake. Mwisho wote wawili wanasikika vibaya.

Hapa tunasema neno kwa wale wanaochangisha franka za watu ili kununua mashine kubwa. Mawimbi ya FM yanakwenda karibu kama jicho linavyoona. Antene ya metre 25 juu ya inchi tambarare inaona karibu kilometre 20. Ipandishe mpaka metre 100, itaona karibu 41. Kilowati za kuongeza hazitakupa hiyo. Mtu anayenunua nguvu mara mbili na kuacha mnara mfupi nyuma ya nyumba za ghorofa amenunua moto tu. Wenye kilima karibu wana bahati; wengine wajenge juu.

Kisha iko habari ya ndege, na hii si mchezo. Juu ya megahezi 108 ndipo pilote anaposikiliza mashine zinazomwonyesha njia ya kushuka, hata katika mvua na giza. Chukua mfano: vituo viwili karibu karibu, kimoja 106.5, kingine 102.9, mashine zao hazina chujio. Mawimbi yanaingiliana. Mara mbili 106.5 ni 213, ondoa 102.9, inabaki 110.1. Namba hiyo ni mojawapo ya namba za kuongoza ndege wakati wa kushuka. Hakuna mtu katika studio aliyetaka mabaya, wanapiga muziki tu. Lakini pilote anaweza kupotea. Chujio ni sanduku la chuma lenye bei, ndiyo sababu wengine wanaliacha dukani.

Na taa nyekundu juu ya mnara mrefu, na rangi nyekundu na nyeupe, si mapambo ya sikukuu.

Sasa neno kwa ninyi wachimbaji, maana linahusu shaba. Minara ya zamani ya mawimbi ya kati haibebi antene: mnara wenyewe ndio antene, umesimama juu ya kikombe cha kaure, na anayeugusa anaungua. Lakini nusu ya kazi iko chini ya udongo. Tangu majaribio ya mafundi wa Marekani ya mwaka 1937, desturi yao ni kuzika nyuzi 120 za shaba, zinazotawanyika toka mguu wa mnara kama njiti za gurudumu. Katika kilohezi 1000 kila uzi ni metre 75. Zote pamoja, kilometre 9 za shaba. Anayechimba waya huo usiku na kuuza kwa kilo anapata posho ya siku chache, na vijiji vya mbali vinanyamaza. Jasho letu lilitoa shaba hiyo katika jiwe. Si kwa ajili hii.

Hata hivyo hatutaki kudanganywa upande wa pili. Tarehe 5 Septemba 1960 Kasavubu alisema katika redio ya Leopoldville kwamba amemwondoa Lumumba, na Lumumba naye akaenda kujibu usiku ule ule. Siku iliyofuata watu wa O.N.U. wakafunga kituo. Lumumba akakosa mikrofoni, naye Kasavubu akapata redio ya Brazzaville, ng'ambo ya mto. Siku zile hakuna kilohezi iliyokosewa. Ufungo ulitiwa mlangoni, si katika mawimbi. Tangu hapo kila mtu wa Kongo ana haki ya kuuliza, anapoona kituo kinafungwa: ni hesabu au ni siasa?

Jibu lake linaweza kuonekana kwa macho. Ofisi inayogawa mawimbi ibandike orodha ukutani: jina la kituo, namba yake, kilowati zake, kimo cha mnara wake. Anayeshitakiwa aonyeshwe kipimo, chenye tarehe na sahihi, mbele ya fundi wake mwenyewe. Kituo cha FM kisihame namba yake kupita hezi 2000, na yule wa kanisa, wa kampuni na wa chama wapimwe kwa mashine ile ile. Kipimo kianzie kwa mnara wa serikali.