Kauboi wa Butembo hakutoka Texas

Wapo wanaume wa Butembo, wenye mvi na wajukuu, ambao hawawezi kukaa meza moja wakazungumzia filamu za kauboi bila kuzuka ubishi. Mmoja atamtetea Django, yule aliyeingia mjini kwa miguu akiburuta jeneza kwenye matope. Mwenzake atamjibu kwamba Django alikuwa mnunaji tu, na kwamba akteri wa kweli ni Trinita: mvivu anayelala juu ya machela inayokokotwa na farasi wake, na akiamka anamaliza kikaango kizima cha maharage kabla hajamzaba mtu kofi. Ukiteremka hadi Beni, kilomita hamsini na kitu kutoka hapo, ubishi ni uleule na majina ni yaleyale.

Vijana wanaowasikiliza hucheka. Wengine, hasa waliopita chuo kikuu, hawacheki bali hulaumu: iweje papa mzima wa Kiyira, aliyezaliwa chini ya milima ya Ruwenzori, amlilie mzungu mwenye kofia pana aliyepiga risasi jangwani kwa watu? Wanaiita kasumba. Lawama hiyo inasikika kuwa ya kisomi, lakini imejengwa juu ya kutojua filamu zenyewe.

Kwanza, namna zilivyofika. Televisheni ya taifa ilianza Kinshasa Novemba 1966, na katika miaka ya Mobutu kilichokumbukwa zaidi ndani yake ni rais akishuka kutoka mawinguni kila taarifa ya habari ilipoanza, jambo ambalo hakuna mtunzi wa filamu za kauboi aliyethubutu kumfanyia shujaa wake. Butembo, mji mkubwa ulioishi miaka mingi bila umeme wa taifa, uliijua televisheni kwa njia nyingine. Palikuwa na chumba chenye mabenchi, seti moja, mashine ya kaseti, na jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta. Wafanyabiashara wa mji huu, ambao sifa zao za kufuata mali hadi Dubai, Hong Kong na Guangzhou zinajulikana Kongo nzima, hawakuona tofauti kubwa kati ya kaseti na kitenge au vipuri vya pikipiki. Kama kuna mnunuzi, italetwa. Na mpaka wa Kasindi hauko mbali.

Ndani ya vyumba hivyo filamu na televisheni vilichanganyika, na hata waigizaji wenyewe walikuwa wamechanganyika hivyohivyo huko walikotoka. Marekani ya miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa kiwanda cha makauboi wa televisheni. Gunsmoke ilidumu kuanzia 1955 hadi 1975, vipindi 635, na kwa miaka yote hiyo James Arness alikuwa mlinda sheria yuleyule wa Dodge City. Bonanza ilianza 1959 ikaisha 1973. Chuck Connors, mwenye bunduki ndefu katika The Rifleman, alikuwa amecheza mpira wa kikapu na besiboli ya kulipwa kabla hajaanza kuigiza. Steve McQueen aliwinda wahalifu kwa ujira katika mfululizo ambao wasemaji wa Kifaransa wanaukumbuka kwa jina la Au nom de la loi.

Michael Landon ana nafasi yake peke yake. Alianza kama kijana mdogo wa Bonanza, kisha kuanzia 1974 akawa Papa Ingalls wa La Petite Maison dans la prairie, baba anayelima, anayeomba Mungu na asiyeona aibu kutoa machozi mbele ya watoto wake. Mama aliyekataza wanawe wasikanyage kwenye chumba cha video, kwa sababu ya moshi wa sigara na lugha chafu, hakuwa na neno na Papa Ingalls. Ukihesabu mapenzi ya familia nzima badala ya mapenzi ya wanaume peke yao, huenda huyo ndiye kauboi aliyependwa kuliko wote katika nchi za Kifaransa barani Afrika, ingawa hakuna mzee wa Butembo atakayekubali kumweka kwenye orodha yake.

Clint Eastwood naye alitoka katika kiwanda hichohicho. Alikuwa kijana wa kuswaga ng'ombe katika Rawhide, mfululizo ulioanza 1959, na mwaka 1964, wakati wa mapumziko, alikwenda Hispania kuigiza filamu ya Mwitaliano asiyejulikana sana, Sergio Leone, kwa ujira wa dola 15,000. Filamu hiyo, Pour une poignée de dollars, ilifungua mlango. Baada yake Waitaliano walitengeneza filamu za kauboi kwa mamia, nyingi zikipigwa katika jangwa la Almería, na hizo ndizo zilizojaa katika kaseti za Afrika. Django ya mwaka 1966 ilikuwa kazi ya Sergio Corbucci, na aliyevuta jeneza ni Franco Nero. On l'appelle Trinita ya 1970 haikwenda hata Hispania: milima na mabonde yake yako Italia kwenyewe.

Hapa ndipo lawama ya kasumba inapoanza kulegea. Mzungu anayeliliwa Butembo hakuwa wa Texas. Trinita ni Mario Girotti, mzaliwa wa Venezia. Kaka yake mnene mwenye ndevu, Bambino, ni Carlo Pedersoli wa Napoli, bingwa wa kuogelea, Mwitaliano wa kwanza kumaliza mita 100 chini ya dakika moja, mwaka 1950, na mshiriki wa Olimpiki za Helsinki na Melbourne. Mwaka 1967 wawili hao walibadili majina ili filamu zao ziuzike kama za Wamarekani. Girotti akawa Terence Hill. Pedersoli akachukua Bud kutoka katika bia ya Budweiser aliyoipenda na Spencer kutoka kwa mwigizaji Spencer Tracy.

Linganisha na kilichotokea Zaire. Mwaka 1972 Mobutu aliamuru raia waache majina ya Kizungu na kuchukua ya mababu, akagombana hadharani na Kardinali Malula kwa sababu hiyo, na Jean au Joseph akawa kosa mbele ya karani. Kwa hiyo watoto wa Beni waliopigwa marufuku kuitwa Pierre walikua na kukaa kwenye benchi wakimshangilia Mwitaliano aliyejibatiza kwa jina la bia. Aliyekuwa akiigiza uzungu wa Kimarekani kwa bidii zaidi katika chumba hicho alikuwa kwenye skrini.

Wakongomani, tena, hawakumpokea kauboi kwa mkono wa serikali. Wabelgiji walimwogopa. Tangu 1945 sheria ya koloni iliruhusu Waafrika waone filamu zilizopitishwa na kamati tu, na wamisionari wakapewa kazi ya kutengeneza picha safi za kuwalea. Kivu yenyewe ilikuwa na Africa Films ya Mapadri Weupe wa Bukavu. Pamoja na hayo yote, Léopoldville ya miaka ya 1950 ilijaa vijana walioitwa Bills, kwa heshima ya Buffalo Bill. Walivaa jinzi na skafu, wakaipa mitaa yao majina ya Amerika, wakatunga lugha yao ya Hindubill. Mwanahistoria Didier Gondola amewaandikia kitabu kizima, kilichotoka 2016, na hafichi upande wao mbaya, ubabe na ukatili kwa wasichana ukiwemo. Lakini anaonyesha pia kwamba vijana hao walikuwamo katika ghasia za 4 Januari 1959 zilizoutikisa utawala wa Wabelgiji. Padri mmoja Mbelgiji, Jozef de Laet, alipotaka kuwapata aliona njia fupi ni kujifanya mmoja wao, na mji ukamwita Père Buffalo. Dar es Salaam ya zama hizohizo ilikuwa na makauboi wake wa mitaani, nao waliwasumbua maofisa wa Kiingereza. Shujaa anayekimbiwa na gavana na padri kwa pamoja ni vigumu kumwita chombo cha mkoloni.

Lawama ya pili ni nzito zaidi, na katika Beni haifai kupitiwa juujuu. Tangu Oktoba 2014 wilaya hiyo imezika watu wake kwa mamia na kisha kwa maelfu, waliouawa kwa mapanga na bunduki katika mauaji ambayo mengi yanahusishwa na waasi wa ADF. Mei 2021 mkoa mzima uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Watu wanauliza: katika nchi kama hii, nani bado ana hamu ya kuona watu wakipigana risasi kwa burudani?

Jibu liko katika ubishi ule wa wazee. Wasikilize vizuri, utaona kinachosimuliwa kwa furaha kubwa si risasi. Wanasimulia kofi. Bud Spencer alikuwa na pigo lake la ngumi ya kushuka utosini, kama mtu anayepigilia kigingi, na aliyepigwa alitikisika, akatabasamu kijinga, kisha akaanguka taratibu. On continue à l'appeler Trinita ya 1971 inaishia kwenye nyumba ya watawa, ambako watawa wenyewe wanaingia katika vurugu ya kunyang'anyana mfuko wa fedha kana kwamba ni mpira. Watu huruka madirishani, meza huvunjika, kesho yake kila mtu yuko hai. Trinita ana bastola yenye kasi ya ajabu, lakini mambo yake mengi huamuliwa kwa mikono. Django aliyekuja na bunduki ya mashine ndani ya jeneza anaheshimiwa, Trinita anapendwa. Watu wanaojua mlio halisi wa bunduki, ule usio na muziki wa Ennio Morricone nyuma yake, wana sababu zao za kuchagua hivyo, na hawahitaji kufundishwa na mtu tofauti kati ya mchezo na msiba.

Wasemao kwa Kifaransa kwamba Kivu ya Kaskazini imekuwa Far West wangefaa nao wazitazame upya filamu hizo. Katika Far West ya kwenye kaseti mwuaji ana jina na uso, na filamu haimaliziki hajapatikana.

Mahali ambapo wazee wanastahili kulaumiwa ni pengine kabisa. Katika ubishi wao wote, jina la Woody Strode halitajwi.

Walimwona, bila shaka. Ni yule Mweusi mrefu mwenye kipara mwanzoni mwa Il était une fois dans l'Ouest ya 1968, anayengoja treni huku matone ya maji yakidondokea kofia yake, naye anayaacha yajae ukingoni kisha anayanywa. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1914, na mwaka 1946 alikuwa miongoni mwa Weusi wa kwanza kurudi katika ligi kuu ya mpira wa Kimarekani baada ya miaka ya kufungiwa nje. Televisheni ilimpa nafasi katika Rawhide, pamoja na Eastwood. John Ford alimfanya nguzo ya Le Sergent noir mwaka 1960, hadithi ya askari Mweusi anayeshtakiwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Mwaka 1969 aliigiza La Colline des bottes bega kwa bega na Terence Hill na Bud Spencer, na mwaka 1976 alikuwa na Franco Nero katika Keoma. Yaani kila akteri anayebishaniwa Butembo amewahi kusimama karibu na mtu huyu, na macho ya watazamaji yakampita. Hata filamu ya katuni ya Toy Story, ambayo wajukuu wa wabishi hao wanaweza kuisimulia yote, ilimchukulia kauboi wake jina la Woody kutoka kwake. Ilitoka 1995, mwaka mmoja kasoro baada ya yeye kufariki.

Na si hayo tu. Mwaka uleule wa 1968 mwongozaji Valerio Zurlini alimpa Strode sehemu ya kiongozi wa Kiafrika anayekamatwa, kuteswa na kuuawa na askari wa nchi yake wakisaidiwa na mamluki wa Kizungu. Katika filamu anaitwa Maurice Lalubi. Hakuna aliyedanganyika: huyo ni Patrice Lumumba, aliyeuawa Katanga miaka saba kabla. Kwa hiyo mmoja wa makauboi wakubwa wa Italia aliwahi kuvaa mwili na mateso ya Lumumba, naye nchini kwa Lumumba anakumbukwa, kama anakumbukwa, kwa maji ya kwenye kofia.

Hilo linarekebishika, na bila gharama kubwa. Mji wenye Chuo Kikuu Katoliki cha Graben tangu 1989 una wanafunzi wa kutosha kuwafuata wazee wa vyumba vya video, kuandika nani alileta kaseti gani na kwa njia ipi, kabla wenye kumbukumbu hizo hawajaisha. Vituo vya televisheni vya Butembo na Beni vinavyojaza usiku kwa matangazo ya maduka vingeweza kuonyesha La Colline des bottes wiki moja, na filamu ya Zurlini wiki inayofuata, na kuwaalika waliokuwa kwenye mabenchi waje wabishane mbele ya kamera. Kazi ngumu itakuwa kupata nakala yenye sauti za Kifaransa, maana Trinita akianza kusema Kiingereza hakuna papa wa Butembo atakayekubali kwamba ndiye.