Gari Nalo Lina Ubwiriunga Wake

Leo tuache kidogo mbegu na viuatilifu, tuongelee gari la shamba. Najua wengi mmeanza kununua magari ya dizeli yaliyotumika, Land Cruiser na Hilux za zamani, ya kubebea ufuta na korosho. Jambo zuri sana. Ila nina neno.

Msimu mmoja wa ufuta, mimi na kaka yangu tulipakia magunia 10 huku Kilangala tuyawahishe ghala la AMCOS kabla ya mnada. Katikati ya njia gari likaanza kushtukashtuka, likakosa nguvu, likazima. Tukampigia fundi mjini. Akafika kesho yake mchana. Akalegeza koki ya chini ya filta ya dizeli, maji yakatoka. Akafunga, akapampu kwa mkono ile pampu ya juu ya filta mpaka ikawa ngumu. Gari likawaka. Kazi ya dakika 10! Tukamlipa shilingi 150,000. Mnada ulishapita, na uliofuata bei ilishuka.

Fundi hakutuibia. Tulilipia kutojua kwetu. Hata yale maji tulijitilia wenyewe: dumu la dizeli lilikaa nje wakati wa mvua, kifuniko hakijabana.

Kuna wanaoniambia, "Bwana shamba, kazi yangu kulima, gari ni kazi ya fundi." Sasa mbona mashine ya kupulizia salfa unaisafisha mwenyewe? Na mbona kwenye mkorosho husubiri ubwiriunga ufunike maua ndipo ukatafute salfa? Gari nalo ni hivyo hivyo. Msimamo wangu ni huu: huduma ndogondogo za gari ni kazi ya mkulima, kama palizi.

Anza na haya:

1. Oili. Pima asubuhi injini ikiwa baridi, gari likiwa mahali tambarare. Badilisha kwa kilomita, usingoje iwe uji. Oili chafu usimwage shambani wala karibu na kisima.

2. Filta ya dizeli. Toa maji kila mara, hasa kama unanunua mafuta ya madumu. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya injini. Maji yakifika huko, pampu inakufa, na bei yake utalia.

3. Eya klina. Vumbi la njia za mashambani wakati wa kiangazi mnalijua. Ing'oe, ikung'ute, au ipulize upepo wa taratibu kutoka ndani kwenda nje. Ya karatasi usiioshe kwa maji.

4. Rejeta na mipira yake. Angalia maji na mipira iliyochanika gari likiwa limepoa. Mimi niliwahi kufungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto, nikajiona fundi. Kovu ninalo mkononi mpaka leo.

5. Mkanda wa feni, nati za matairi, na grisi. Ukitoka kupita kwenye maji au tope, piga grisi.

Na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Weka gogo imara au stendi. Hakuna gunia la ufuta lenye thamani ya kifua chako.

Sasa, sijasema fundi hana kazi. Breki, pampu ya dizeli, nozeli na taimingi belti mwachie yeye. Injini ya 1HZ, ile ya silinda 6 iliyopo kwenye Land Cruiser nyingi, inatumia taimingi belti. Ikikatika ukiwa njiani, valvu zinagongana na pistoni. Hapo hakuna cha spana namba 12. Cha kwako wewe ni kuandika kilomita kwenye daftari, ujue belti ilibadilishwa lini. Kama umenunua gari na muuzaji hana jibu, hesabu kwamba haijabadilishwa.

Jambo la mwisho ni spea. Mei 2024, mvua za wakati wa Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja kwetu, kule Somanga wilayani Kilwa. Ukisubiri filta itoke Dar siku kama hizo, utasubiri sana. Weka nyumbani filta moja ya dizeli, moja ya oili, mkanda mmoja wa feni na mpira mmoja wa rejeta. Hivyo vyote havifikii hasara ya mnada mmoja ulioukosa.

Jumamosi asubuhi, kabla hujaenda shamba, fungua boneti. Anza na oili tu. Jumamosi inayofuata, ingia kwenye filta. Ukikwama niulize, bwana shamba wenu nipo.