Wakili wa Wasio na Wakili

C.M.G. Argwings-Kodhek, mzaliwa wa Gem katika Nyanza, ndiye Mwafrika wa kwanza wa Kenya kufuzu uwakili. Alisoma Makerere, akafundisha shule, kisha akaenda Uingereza kusomea mambo ya jamii. Akiwa huko akageukia sheria. Aliporudi, serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya sheria kwa mshahara ulio chini sana ya ule wa Mzungu mwenye sifa zilezile. Aliikataa, akafungua ofisi yake mwenyewe Nairobi. Kijana anayesoma sheria leo huku jicho lake likiwa bungeni angefaa kuanza kuisoma habari hii hapo, kwenye kazi iliyokataliwa, wala si kwenye uwaziri uliokuja baadaye.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952 dhidi ya uasi wa Mau Mau. Chini ya sheria zake, mtu aliyekutwa na risasi moja tu aliweza kuhukumiwa kifo, na kabla mambo hayajatulia zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamenyongwa. Wakili wa washtakiwa hao hakutajirika wala hakualikwa chakula na wakubwa. Mawakili wa Kihindi walizibeba kesi nyingi, naye Argwings-Kodhek akawa miongoni mwa wale waliosimama. Walowezi wakamwita wakili wa Mau Mau, kwa nia ya kumtukana. Kesi ya Kapenguria ya Jomo Kenyatta na wenzake, iliyokusanya mawakili mashuhuri kutoka ng'ambo, ndiyo inayokumbukwa. Lakini nchi ilijengwa pia na zile kesi za watu wasiojulikana, zilizosikizwa kwa saa chache, ambazo nyingi wakili alishindwa na kesho yake akarudi mahakamani.

Mafunzo ya siasa aliyapata humo. Wakili hujifunza kusema kwa niaba ya mwingine, kumsikiliza mpinzani hadi mwisho, na kuiacha hasira yake nje ya mlango. Mwaka 1955 serikali iliporuhusu vyama vya Waafrika, lakini vya wilaya tu, yeye alitaka chama cha nchi nzima. Akakataliwa, akaongoza Nairobi District African Congress. Machi 1957 aligombea kiti cha Nairobi, akashindwa na Tom Mboya. Anayedhani sifa za mahakamani zinatosha kuleta kura na aitazame siku hiyo: Mboya alikuwa na wafanyakazi na vyama vyao nyuma yake, na wapiga kura hawamchagui mtu kwa ufasaha wake peke yake.

Ubunge wa Gem ulikuja na uhuru, ukafuatwa na wizara ya maliasili, na mwaka 1968 wizara ya mambo ya nje. Huko hakukaa sana. Wanaomtafuta mwanadiplomasia watapata machache ya kuandika, nao wasimwongezee. Balozi au waziri wa nje ni wakili mwenye mteja mmoja, yaani nchi yake, na kazi hiyo yeye alikuwa ameianza miaka kumi na sita kabla, kwa wateja wasio na cha kulipa.

Alifariki Januari 29, 1969, gari lake lilipopata ajali Nairobi, kifo ambacho bado kinazungumzwa kwa mashaka. Mboya aliuawa Julai mwaka huohuo. Kiti cha Gem kilichukuliwa na Wasonga Sijeyo wa KPU, chama cha upinzani, na barabara ya Hurlingham, Nairobi, ikapewa jina la Argwings-Kodhek.