Iokoe Picha ya Babu Kabla Mchwa Hawajaila



Katika nyumba nyingi ninazopita kutazama mashamba, iko picha ya mzee. Imetundikwa ukutani, au imelala ndani ya sanduku. Mara nyingi ni picha moja tu, iliyopigwa stadio mjini miaka ya 1970 au 1980. Mzee mwenyewe alikwisha fariki. Siku mchwa watakapoila picha hiyo, wajukuu hawatauona tena uso wake.

Utauliza, Bwana Shamba ana kazi gani na picha? Kazi yangu ni kuwafundisha watu kuhifadhi. Mwezi huu tuyaache mahindi, tuhifadhi picha. Simu yenye kamera inatosha. Kama huna, mwombe kijana wako au jirani.

Kwanza futa jicho la kamera kwa kitambaa safi. Simu zetu hukaa mifukoni pamoja na jasho na unga. Weka picha mezani karibu na mlango. Pawe na mwanga mwingi, lakini jua lisiipige. Zima taa ya kamera, maana huacha doa jeupe juu ya uso. Shika simu juu ya picha, iwe sambamba nayo. Ukiiinamisha, picha itatoka upande mmoja mpana na mwingine mwembamba.

Je, picha imegandana na kioo cha fremu? Usiibandue! Uso wa picha utabaki kwenye kioo. Ipige hapo hapo ndani ya kioo chake. Vaa nguo ya rangi ya giza, na usogeze meza mpaka mng'ao uondoke. Usiioshe kwa maji wala kuifuta kwa kitambaa chenye unyevu. Halafu piga na mgongo wa picha. Huko nyuma wazee waliandika majina na tarehe.

Sasa tuitengeneze. Lakini kabla ya kubonyeza chochote, fanya nakala. Ile ya kwanza usiiguse. Tengeneza nakala tu, ili ukiiharibu uanze tena.

Kata pembeni ili meza isionekane. Nyoosha kama imepinda. Ongeza mwanga kidogo. Picha za rangi za zamani nyingi zimegeuka nyekundu, kwa sababu rangi zake hazififii kwa mwendo mmoja. Punguza wekundu kidogo kidogo, ukitazama ngozi ya mtu. Ngozi ikifanana na ngozi, acha. Picha nyeusi na nyeupe hazina taabu hiyo. Zilitengenezwa kwa madini ya fedha, nazo hudumu zaidi.

Ziko programu zinazodai kuufanya uso wa zamani uwe mpya. Mimi sizipendi. Programu hiyo haimjui babu yako. Mahali ambapo haioni vizuri, hubuni. Mama mmoja alipelekewa picha ya marehemu mumewe iliyotengenezwa hivyo. Ngozi ilikuwa laini kama ya kijana, na chale za mashavuni zimefutika. Watoto wakauliza, "Huyu ni nani?" Mama akairudisha. Bahati nzuri ile ya kwanza ilikuwapo.

Kuna jambo jingine. Mtu akifariki, ndugu hutafuta picha ya kuweka msalabani au mbele ya jeneza. Hawaipati. Basi humkata kutoka katika picha ya arusi. Uso hutoka kama umefunikwa na ukungu. Kwa nini?

Picha ya simu ni nukta ndogo ndogo nyingi. Chukua picha yenye nukta 4,000 kwa upana. Watu 20 wamesimama safu moja. 4,000 gawanya kwa 20 ni 200. Kila mtu amepata nukta 200 tu. Kuchapa vizuri kwahitaji nukta kama 300 kwa kila inchi. Kwa hiyo mtu huyo anatosha upana usiofika hata inchi moja. Ukimkuza, hakuna nukta mpya zinazozaliwa. Zile zile zinatanuliwa.

Kwa hiyo mpige mzee wako peke yake, leo, angali hai. Mkalishe kivulini, uso uelekee penye mwanga. Sogea karibu kwa miguu yako, usivute kwa vidole. Piga picha tano au sita. Mwache acheke. Picha za stadio zilitufundisha kukasirika mbele ya kamera, sijui kwa faida ya nani.

Simu hutumbukia kisimani, na simu huibiwa. Weka nakala katika memori kadi, na nyingine katika simu ya ndugu anayekaa mbali. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida, nukta hupunguzwa njiani. Ile ya karatasi itie katika bahasha kavu, ndani ya mkebe wenye kifuniko, juu ya rafu. Usiiweke sakafuni.

Kisha kaa na bibi. Muulize yule wa tatu kutoka kushoto ni nani, mwana wa nani. Andika jina lake.