Wanaposema «kurudisha», wanarudisha nini?

Tangu 2025 habari za Doha na Washington zinatuletea neno moja: kurudisha. Kurudisha mamlaka ya Leta, kurudisha wakimbizi, kurudisha amani. Tamko la Doha la 19 Julai 2025, kati ya Serikali yetu na AFC/M23, linalo neno hilo. Mapatano ya 15 Novemba 2025, yenye itifaki 8, yanalo tena. Tarehe 4 Desemba marais wa Kongo na Rwanda walitia sahihi Washington, na siku chache baadaye Uvira ikatekwa.

Leta inaposema kurudisha, inawaza bendera, askari, muhuri na kodi. Ni haki yake, inchi ni moja. Lakini mtu wa Masisi au Rutshuru akisikia neno hilo anawaza shamba. Februari 2025 watu wa kambi za kandokando ya Goma walipewa saa 72 za kuondoka. Katika hesabu za wakubwa, hao «wamerudi». Kumbe wako waliokuta nyumba haina mabati na shamba lina mlimaji mwingine. Wamerudi, ndiyo, lakini hawakurudishiwa kitu.

Tena, hali ya zamani ni ya lini? Vita vya Masisi vilianza 1993. Aliyezaliwa mwaka ule sasa ana watoto, na hana «zamani» nzuri ya kukumbuka. Hata udongo wenyewe haukuwa salama: sheria ya ardhi ya 1973 iliacha mashamba ya desturi yangoje amri ya Rais, na watu walingoja makumi ya miaka. Ndiyo maana wengi hawana karatasi. Ushahidi wao ni jirani, mzee wa kijiji na miti ya mpaka.

Katika 2 Wafalme 8 kuna mama wa Shunemu. Alikimbia njaa miaka 7 katika inchi ya Wafilisti, na aliporudi alikwenda kumlilia mfalme kwa ajili ya nyumba na shamba lake. Mfalme alimuuliza yeye mwenyewe. Gehazi alikuwapo, akamshuhudia. Kisha mfalme akamweka afisa wa kumrudishia mali yote, pamoja na mazao ya shamba tangu siku aliyoondoka. Mazao pia! Katika mikutano yetu ya amani sijasikia mtu akitaja mazao.

Sisi wachungaji tunapenda zaidi neno lingine, kurudiana. Tunawaita ndugu wawili, wanapeana mikono, Jumapili wanashiriki Meza ya Bwana, na mmoja anaendelea kula mavuno ya shamba la mwenzake. Hapo tumemwomba aliyenyang'anywa alipe bei ya amani peke yake. Mimi sikubali. Lakini sikubali pia wanaotaka mlimaji mpya afukuzwe kwa panga. Mara nyingine yeye naye ni mkimbizi, aliwekwa pale na wenye bunduki, na watoto wake wanakula pale. Lazima wote wawili wasikilizwe.

Kanisa haliwezi kumweka afisa. Kazi ya Gehazi tunaiweza. Daftari zetu za ubatizo na za ndoa zinaonyesha nani alikaa wapi, mwaka gani. Mashemasi wanajua mipaka. Kila parokia ingeweza kuandika ushuhuda wa mashamba: majirani ni nani, mto au njia inapita wapi, nani alilima hadi lini, wazee wa pande zote mbili wakiweka kidole. Kabila lisiandikwe, maana orodha ya namna hiyo ikianguka katika mikono mibaya inaua. Nakala moja ikae mbali na kijiji.

Hatuna sababu ya kungoja itifaki zote 8 zimalizike. Wazee waliojua mipaka ya kabla ya 1993 wamebaki wachache, na kila mwaka tunazika wengine.