UCHAMBUZI: Pengo la mshahara wa kiwandani hulipwa na boma la Ewuaso Kedong

KILA mwisho wa mwezi, fedha husafiri kwa simu kati ya Kitengela na Ewuaso Kedong. Anayedhani kwamba fedha hizo huelekea upande mmoja tu, kutoka kwa kijana aliye kazini hadi kwa wazazi walio nyumbani, hajauelewa vyema uchumi wa Kaunti ya Kajiado.

Mwezi ukiwa mwema, kijana hutuma chochote alichobakisha. Mwezi ukiwa mgumu, mzazi huuza mbuzi ili mwanawe asifungiwe nyumba na mwenye ploti. Mtoto wa mfanyakazi naye hupelekwa kulelewa na nyanyake, kwa kuwa mshahara wa mjini hautoshi kumlipa yaya. Hivyo boma la mfugaji huwa bima, shule ya chekechea na benki ya mtu ambaye kwa hesabu za serikali ameajiriwa na anajitegemea.

Ikiwa mtu hufanya kazi wiki nzima na bado hawezi kujikimu, kuna mwingine anayelijaza pengo hilo. Ni nani huyo, na kwa nini halipwi?

Jibu linaanzia kwenye amri ya mishahara. Rais William Ruto alitangaza nyongeza ya asilimia 6 katika sherehe za Leba Dei mwaka 2024, nayo ikaanza kutumika Novemba mwaka huo. Amri hiyo haikuweka kima kimoja cha chini kwa nchi nzima. Kwa kibarua wa kawaida, bila marupurupu ya nyumba, iliweka takriban Sh16,113 katika miji mikuu kama Nairobi, Sh14,866 katika manispaa za zamani pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru, na Sh8,596 katika maeneo mengine yote.

Eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa ng'ambo, EPZ, liko Athi River, ndani ya Mavoko. Wengi wa wafanyakazi wake hukodisha vyumba Kitengela, ng'ambo ya mpaka wa kaunti. Ewuaso Kedong, kwenye barabara inayotoka Ngong kuelekea Suswa, iko katika hayo "maeneo mengine yote".

Hivyo, kwa amri hiyo ya 2024, kibarua wa Ewuaso Kedong aliwekewa kima kilichopungua kile cha mwenzake wa Mavoko kwa zaidi ya Sh6,200 kila mwezi. Ukigawanya Sh8,596 kwa siku 30, unapata chini ya Sh290 kwa siku. Ni kweli kwamba kodi ya nyumba kijijini ni nafuu. Hata hivyo, unga, sukari, sabuni na mafuta ya taa hubebwa kwa gari kutoka mijini, na nauli ya kuvifikisha humwangukia mnunuzi.

Jambo la kushangaza zaidi ni ramani inayotumika. Mabaraza ya miji na manispaa za zamani yalivunjwa baada ya uchaguzi wa Machi 2013, serikali za kaunti zilipochukua mahali pake. Zaidi ya mwaka mmoja baada ya kaunti kutimiza muongo, mshahara wa Mkenya ulikuwa ungali unapimwa kwa mipaka ya mabaraza yasiyokuwepo tena.

Chimbuko la fikra hii ni la kale. Enzi za ukoloni, mshahara wa Mwafrika ulikadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na familia. Mke na watoto walichukuliwa kuwa wanalishwa na shamba au mifugo kule "rizavu". Mnamo 1954, kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilikiri kwamba mpango huo haufai, ikapendekeza mshahara upandishwe hatua kwa hatua hadi umtoshe mtu na jamaa yake. Zaidi ya miaka 70 baadaye, bado inachukuliwa kwamba nyuma ya kila kibarua kuna boma lenye maziwa.

Boma hilo nalo limetikisika. Ukame uliodumu kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, uliua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini, na Kajiado ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Ng'ombe akifa, hafi na mali ya mfugaji peke yake; hufa pia na ile ruzuku ya kimyakimya iliyokuwa ikimwezesha kijana kubaki kazini kwa mshahara usiomtosha.

Upande wa pili wa mizani uko mwajiri. Chini ya sheria ya EPZ ya mwaka 1990, kampuni iliyosajiliwa husamehewa kodi ya mapato kwa miaka 10 ya kwanza, kisha hutozwa asilimia 25 kwa miaka 10 inayofuata, ilhali kampuni za kawaida hutozwa asilimia 30. Husamehewa pia ushuru wa forodha na ule wa ziada ya thamani kwa mitambo na malighafi. Mwaka 2000, Marekani ilipopitisha sheria ya AGOA, viwanda vya nguo vilipata pia soko la kuuza bila ushuru.

Kibarua hana likizo kama hiyo. Kwa kuwa mapato yake hayafiki Sh24,000 kwa mwezi, hatozwi kodi ya mapato. Lakini hukatwa asilimia 6 ya NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya chini ya SHA na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba. Makato hayo yanazidi shilingi 1 katika kila shilingi 10 alizotolea jasho. Mwajiri huchangia kiasi sawa kwa NSSF na ushuru wa nyumba, na hilo ni haki kulitaja. Tofauti ni kwamba mwajiri huchangia kutoka kwa mapato ya biashara, naye kibarua hutoa kwenye chakula.

Serikali nayo ina mpango wake wa kuwasaidia wanyonge. Inua Jamii huwapa wazee, mayatima na walemavu wenye shida Sh2,000 kwa mwezi, na walionufaika ni zaidi ya milioni 1. Kiasi hicho kimedumu bila kuongezwa kwa zaidi ya miaka 10 huku bei zikipanda, na mara nyingi malipo huchelewa. Katika boma ambalo nyanya analea wajukuu wa mfanyakazi wa kiwandani, fedha hizo za mzee hugeuka uji wa mtoto ambaye mshahara wa mamake ungepaswa kumlisha.

Hapo ndipo mzunguko mzima unapoonekana. Kampuni huokoa kwenye mshahara na kwenye kodi. Pengo la mshahara hujazwa na jamaa, na jamaa akilemewa hujazwa na hazina ya umma, ambayo imepungukiwa kwa sababu ya misamaha ileile. Faida huhesabiwa kiwandani; gharama huhesabiwa kijijini.

Waajiri wana hoja yao. Kiwanda cha Athi River hushona kwa oda ya wenye majina makubwa ng'ambo, na hao ndio wanaopanga bei. Mshahara ukipanda ghafla, oda huweza kuhamia Bangladesh au Madagascar, na mshahara mdogo utageuka kuwa hakuna mshahara. Wafanyakazi wenyewe wanaijua hatari hiyo, japo haikuwazuia kugoma Januari 2003, punde tu baada ya serikali ya NARC kuingia madarakani, wakidai malipo na mazingira bora ya kazi.

Hoja hiyo inaeleza ugumu wa kupandisha mshahara. Haielezi kwa nini msamaha wa kodi utolewe bila sharti. Serikali inayoacha kodi kwa miaka 10 inanunua kitu kwa fedha za umma, na ina haki ya kuuliza ubora wake: je, kazi inayonunuliwa inaweza kumlisha anayeifanya?

Katiba ya 2010 iko wazi. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, na cha 43 kinaitaka serikali kuwapa msaada wasioweza kujikimu. Waliotunga vifungu hivyo hawakukusudia kimoja kiwe kiraka cha kingine. Kuanzia sasa, kima cha chini kipimwe kwa gharama ya maisha na si kwa ramani ya mabaraza yaliyokufa. Msamaha wa kodi uambatane na kiwango cha mshahara, na thamani yake itangazwe kampuni kwa kampuni. Nazo fedha za wazee ziongezwe kadiri bei zinavyopanda.

Wahenga walionya kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Onyo hilo huelekezwa kwa maskini kila wanapoomba msaada. Lakini kwa zaidi ya miaka 30, waliotegemea cha ndugu wa mfanyakazi ni waliomwajiri, na anayezidi kuwa maskini ni huyo ndugu aliyebaki Ewuaso Kedong na mbuzi wachache.